Ufunguo Mmoja, Milango Minne

Nyinyi vijana mnaosoma mkiruka mistari, hii someni polepole. Wajukuu zangu wananicheka. Wanasema kambo, yaani mimi nyanya yao, anazunguka nyumba akigusa kila komeo kama daktari anayegusa tumbo la mgonjwa, na wanasema ni uzee. Si uzee. Uzee umenipa magoti mabaya tu. Hii tabia nilikuwa nayo tangu ningali na meno yote. Nilisoma miaka mitatu kwa masista, sikuendelea, lakini mambo ya mlango nayajua kushinda mtu wa diploma. Nitaandika vile yalivyokuwa, na mtu asiniambie niongeze sukari.

Tulikaa Shituru, mjini Likasi, katika nyumba za kampuni ya shaba. Mume wangu alifanya kazi kiwandani, kwenye mabeseni ya asidi, na asidi hiyo ilitoboa nguo zake vitundu vitundu mpaka suruali ikawa kama chujio. Nyumba ilikuwa ya matofali, vyumba viwili, mlango wa mbele na mlango wa jikoni. Nyumba zote za mtaa zilifanana kama mayai. Kampuni ilitupa nyumba, ikatupa posho ya unga kila mwezi, ikatupa hospitali, ikatupa hata rangi ya ukuta, rangi ileile kwa watu wote. Ukisema kitu kimoja cha kampuni hakifai, watu walikutazama kama mtu anayemtukana baba yake mbele ya wageni.

Kitu kimoja kampuni haikunipa: mashini yangu ya kushona. Ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, na kifuniko chake cha mbao. Niliipata kwa kuuza mihogo na makaa kabla sijaolewa, na niliingia kwa mume wangu nimeibeba kichwani, yeye akibeba godoro. Kwa mashini hiyo binti yangu wa kwanza alisoma Mulungwishi, kwenye shule ya misheni, akilala hukohuko. Mapadri wetu walinung'unika kwamba mtoto wa Wakatoliki amepelekwa kwa Waprotestanti. Niliwaambia anajifunza hesabu, na hesabu haina dini. Mume wangu hakukataa asome, lakini alisema wazi mbele ya ndugu zake: "Masomo ya ule mutoto ni mambo yako na mashini yako. Minye niko na bengine bane ba kulisha." Yeye alikuwa na wengine wanne wa kulisha, kwa hiyo mnielewe. Mashini ikisimama, mtoto anarudi nyumbani kutwanga sombe, majani ya mihogo, na kungoja mume. Sikuwa ninalinda chuma.

Siku moja mchana nimekaa kwenye mashini, nashona blauzi za wanawake waliotakiwa kwenda kuandamana na kuimba kwa ajili ya chama. Kitambaa kilikuwa na uso wa Mkubwa wa nchi, na ilibidi nikate kwa akili ili mkasi usipite kwenye jicho lake. Nikasikia ufunguo unazunguka mlangoni. Mlango ukafunguka, akaingia jirani yangu wa ng'ambo ya barabara na kapu la dagaa. Akaweka kapu mezani pangu, akakaa kwenye kiti changu, akavua viatu, akawapigia kelele watoto wake kuelekea jikoni: "Bana, mulete maji! Nimekufa na jua!"

Kisha akaniona.

"Mama ya mashini! Unafanya nini mu nyumba yangu?"

"Nyumba yako wapi? Angalia ukuta. Ile picha ya Bikira Maria ni yako?"

Akaangalia picha, akaangalia mashini, akaangalia viatu vyake. Akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka.

"Umefungula na nini?"

"Na funguo yangu."

Tukatoka nje. Ufunguo wake ulifungua mlango wangu, na ufunguo wangu ulifungua wake. Tukaenda nyumba ya kona: ukafungua. Tukaenda kwa mjane aliyekaa karibu na bomba: ukafungua. Milango minne, na hatukuendelea kwa sababu mimi nilichoka moyo.

"Dada yangu, kumbe hukujua?" akaniuliza jirani, akipangusa machozi ya kucheka. "Kila muntu anajua. Minye funguo ikipotea, sina wasiwasi. Naomba ya jirani, naingia, naendelea na maisha."

Na ilikuwa kweli. Kampuni ilileta vitasa vingi kwa pamoja, maseremala wakavipigilia wakifuata mstari, na watu wa mtaa wakafanya jambo hilo kuwa baraka. Mvua ikinyesha na wewe uko sokoni, jirani anaingia kwako anafunga dirisha. Mtoto akitoka shuleni na mama yuko hospitali, anapewa ufunguo wa mwingine. Hakuna aliyeona ubaya. Nami nakubali, kwa mtu asiye na kitu ndani haukuwa ubaya.

Lakini wezi walikuwa wameanza. Katika mtaa wa nyuma yetu, siku ya posho, wanawake wote wakiwa kwenye mstari wa unga, nyumba mbili ziliingiliwa. Redio ilienda, blanketi zilienda, na milango ilibaki mizima, haikukwaruzwa. Watu wakasema ni dawa, wezi wana dawa ya kufungua milango. Dawa gani? Dawa ilikuwa inaning'inia kwenye mikanda yetu sote.

Nikaenda kwenye ofisi ya nyumba. Karani alikuwa kijana aliyevaa koti la kola ndogo, lile ambalo wanaume wote wa ofisi walivaa wakati ule. Hakuinua kichwa, akaniita raia kwa Kifaransa kama serikali ilivyotaka.

"Sitwayeni, matrikili ya bwana?"

Nikampa namba ya kazi ya mume wangu.

"Kitasa imevunjika?"

"Hapana. Inafunguka."

"Sasa kama inafunguka, shida iko wapi?"

"Inafunguka na funguo ya bantu bengine."

Akatafuta kwenye karatasi yake kwa kidole. "Hiyo haiko. Huku kuko: imevunjika, imepotea, imeungua na moto."

"Andika imepotea."

"Lakini haikupotea, mama. Iko ku mulango. Urudie wakati itavunjika."

Nilirudi mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne nilikaa kwenye benchi yake na mtoto mgongoni tangu king'ora cha asubuhi mpaka cha saa sita. Mtoto alilia na sikumnyamazisha. Hapo karani akaandika jina la mume wangu kwenye orodha, akasema watatuma seremala. Sikuuliza lini, niliogopa atalifuta.

Nikaanza na madirisha mwenyewe. Yalikuwa na fremu za chuma na vioo vidogo, na kile kindoano cha kufungia kilikuwa kimelegea. Ukisukuma kwa kiganja kilitoka. Nilitafuta kitu cha kufunga, nikakuta kipande cha waya pembeni ya barabara, kizuri, kinene, kinapinda vizuri. Nikafunga dirisha la chumba na dirisha la jikoni, nikakaza kwa koleo. Nilijisifu. Mume wangu akarudi kutoka kazini, akasimama mbele ya dirisha, akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Ile ni nini?"

"Waya."

"Najua ni waya. Ni shaba! Shaba ku dirisha yangu, mubele ya barabara! Unataka banifunge? Zamu, ule mulinzi wa kampuni, akipita hapa atauliza umetoa wapi. Utasema umeokota? Nani anaokotaka shaba mu Likasi?"

Akaukata kabla ya kula, akauzika nyuma ya choo. Hapo alikuwa na haki, sitasema alikosea. Katika mji wetu mtu aliweza kusamehewa mambo mengi, lakini si shaba nyumbani. Nikaweka misumari. Msumari mmoja kila dirisha, umepita kwenye tundu la fremu. Ulishika, lakini si kwa nguvu ya waya.

Kisha nikanunua kadena. Kufuli nzito, ya sokoni, na funguo zake mbili tu duniani. Nikapigilia vishikizo vyake mlangoni mwenyewe, mume wangu akiwa kazini, maana alikuwa anaogopa kutoboa mlango wa kampuni. Kabla sijamaliza, jirani wa ng'ambo alikuwa amesimama nyuma yangu na mikono kiunoni.

"Mama ya mashini, ile kadena ni ya nini?"

"Ya kufunga."

"Kumufunga nani?"

"Mwizi."

"Mwizi gani eko na funguo ya mulango yako? Funguo beko nayo ni shiye. Minye, na mama ya kona, na mujane. Sasa sema wazi, kati yetu mwizi ni nani?"

"Sikusema ni nyinyi."

"Kadena imesema."

Siku tatu hakuna mtu aliyenisalimu bombani. Nilifika na ndoo, mazungumzo yakakauka. Mama wa kona alianza kufunga mlango wake kwa kamba ya nguo, fundo kubwa la kunidhihaki, na kila nilipopita aliuliza kwa sauti ya upole: "Mama, uchunguze kama nimekaza vizuri." Mume wangu naye walimpata kazini. Wenzake wakamuuliza kama bibi yake amefungua benki, na kama wanaweza kuweka mshahara kwake. Siku ya nne alirudi, akachukua nyundo akang'oa vishikizo vyote.

"Nimekula aibu ya kutosha," akasema.

"Aibu haifungi mlango."

"Na minye siwezi kukaa mu mutaa kama mugeni, juu ya mashini ya kushona."

Kadena ile alimpa kaka yake wa Kakanda, ambaye hakuwa hata na mlango wa kuiweka.

Baada ya wiki chache mama wa jirani wa ng'ambo akafa. Alikuwa mzee, alikufa kwa ugonjwa wa kifua, hakuna aliyeshangaa. Kilio kilikuwa kwenye nyumba yao, tukalala chini siku mbili, tukapika bukari, ugali wetu, kwa masufuria ya kukopa. Siku ya maziko nikamwambia mume wangu kwamba nitabaki. Nitapika chakula cha watakaorudi, na nitakuwa karibu na mashini.

Akaniangalia kama mtu anayepima ujinga wangu.

"Unajua namna bantu banasema juu ya muntu anabakia ku nyumba siku ya maziko."

Nilijua. Kwetu anayekwepa kaburi anajua marehemu alikufaje. Wanamwita mulozi, mchawi, na jina hilo haliondoki kwa sabuni. Na mimi ndiye niliyekuwa nimemkosea mwenye kilio kwa kufuli. Nisingeenda, wangesema nilianza na kadena nikamaliza na mama yake.

Basi nikaenda. Lakini kwanza niliweka mashini chini ya kitanda, nikaisukumia gunia la posho mbele. Misumari ikaingia madirishani. Mlango wa jikoni nikautilia gogo kwa ndani. Mlango wa mbele nikauzungushia ufunguo mara mbili, nikausukuma kwa bega, ukakataa, nikapanda kwenye lori la kampuni pamoja na wengine.

Makaburini, Mungu anisamehe, sikumwombea yule mzee. Nilikuwa nahesabu nani hayupo. Mama wa kona alikuwepo, mjane alikuwepo, waume zao walikuwepo. Mtaa mzima ulikuwepo. Hilo halikunituliza hata kidogo, kwa sababu tangu nyumba zijengwe familia ngapi zilihamishwa, wengine Kakanda, wengine mbali zaidi, na hakuna aliyeulizwa ufunguo aliokwenda nao.

Tukarudi, tukanawa mikono kwenye beseni la mlangoni pa kilio, nikavuka barabara. Mlango wangu ulikuwa umefungwa. Ufunguo ukazunguka mara mbili, vilevile nilivyouacha. Ndani palikuwa pasafi. Gunia la unga lilikuwa limesogezwa pembeni kwa adabu, hata chembe haikumwagika. Chini ya kitanda palikuwa na alama ya mraba kwenye vumbi. Blauzi tatu za watu zilikuwa zimeenda pia, bila shaka kwa kufungia mashini isionekane.

Sikupiga kelele. Nilikaa kitandani. Kelele walipiga watoto.

Baba mkwe wa mama wa kona, mzee aliyekuwa na mguu mbaya, ndiye pekee ambaye hakupanda lori. Alikuwa ameketi barazani kwao mchana kutwa. Nikamwendea.

"Babu, uliona muntu?"

"Niliona. Muntu mmoja eko na muzigo mu kichwa, amefunika na kitambaa. Nikawaza ni kiti ya ku kilio."

"Hukumuuliza?"

"Nilimusalimia. Akaitika muzuri sana. Akaniambia pole na musiba." Akatikisa kichwa. "Eko na heshima, ule kijana."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya kilio kila mtu anabeba kitu kichwani, kiti, sufuria, kuni. Mwizi alipita katikati ya mtaa wetu mchana na mashini yangu, akatupa pole.

Zamu wa kampuni alikuja na daftari. Cha kwanza aliandika blauzi, kwa sababu ya ule uso kwenye kitambaa, na akaniuliza mara mbili kama kulikuwa na jicho lililokatwa. Kisha akaushika mlango, akaufungua, akaufunga.

"Haikuvunjika."

"Najua."

"Dirisha haikuvunjika. Mulango umefungwa na funguo." Akapunguza sauti. "Mama, usikasirike. Papa hana biro ya pili? Maana bengine beko na bibi mwingine huku mujini, na ule bibi naye anapenda kushona."

Mume wangu alikuwa amesimama palepale. Sijamwona na uso ule kabla wala baada. Akamfukuza zamu, akaingia chumbani, akakaa mahali nilipokuwa nimekaa. Kama angesema neno moja, moja tu, kwamba nilikuwa na haki juu ya kadena, labda ningempikia usiku ule.

Jirani wa ng'ambo alikuja angali na kitambaa cha msiba kichwani. Alikaa chini na mimi. Kisha akautoa ufunguo wake kiunoni akauweka mkekani.

"Uchukue. Sitaki tena kuwa nayo."

"Na kwako utaingia na nini?"

Akafikiri. "Na yako," akasema, kisha akaficha uso kwa mikono yake. Nikamrudishia.

Binti yangu alirudi likizo, akakuta meza tupu. Hakulia. Aliniuliza atarudi shuleni lini, na nilimwambia angoje kidogo. Nilishona kwa mkono, nilipinda mapazia, nilitia viraka kwenye nguo za kazi zilizotobolewa na asidi, nikiumia macho. Kwa mkono unashona kiraka, hushoni ada ya shule. Muhula ukaanza bila yeye. Sista mmoja aliniambia ni mapenzi ya Mungu, nikamjibu kwamba Mungu hana ufunguo wa nyumba yangu. Mtoto alikaa nyumbani, akazoea, mwishowe akaolewa. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Mvua zikaisha, zikaanza tena, seremala wa kampuni akafika. Alikuwa na mfuko wa vyombo na kitasa kimoja.

"Mama, nimeleta kitasa yako ya mupya."

Nikakishika. Kilikuwa kimepakwa mafuta kiking'aa, lakini pembeni palikuwa na rangi ya mlango iliyokauka, ileile ya milango yetu sote.

"Mupya wa wapi? Imetoka ku mulango gani?"

Akakuna shingo. "Ku nyumba moja ya mutaa wa nyuma. Benye nyumba balihamia Kakanda. Beko mbali, mama, habawezi kurudia juu ya kuiba."

"Weka. Lakini usifunge mfuko wako."

Akakiweka. Nikaenda barabarani nikaita wanawake. Walikuja na funguo zao; tangu wizi ule hakuna aliyenidhihaki. Jirani wa ng'ambo akajaribu: haukufungua. Mama wa kona: haukufungua. Mjane: haukufungua. Seremala akaanza kutabasamu. Akaja mwanamke mgeni wa mtaa wa nyuma, mke wa kijana wa reli, hajamaliza mwezi pale. Aliuingiza ufunguo wake kwa woga, kama anayeweka mkono kinywani mwa mbwa. Kitasa kikalia, mlango ukafunguka.

"Mama, nisamehe," akasema yule mtoto wa watu, kana kwamba yeye ndiye aliyekitengeneza.

Seremala akaokota nyundo yake. "Minye balinituma kuweka kitasa. Juu ya funguo habakusema kitu. Utie saini hapa."

Nikatia saini. Ningefanya nini? Kazi imefanyika, karatasi imejazwa, karani atafurahi. Mlango ulikuwa bado ni wa kampuni, na ufunguo bado ni wa kila mtu. Kitu kimoja tu kilichokuwa changu ni watu wangu, na gogo la mlango halina ufunguo, ila linataka mtu wa kuliweka akiwa ndani.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini nilimwambia akae, nikawaita watoto wote, mkubwa na wadogo, pamoja na dada yake aliyekuwa anaishi na sisi. Sikupika kwanza. Niliwasimamisha mbele ya mlango, nikawaambia hivi, na mume wangu hakunikata neno:

"Tangu leo hii nyumba haibakie bure bila muntu. Kama ni misa, mumoja anabakia. Kama ni posho, kama ni kuandamana, kama ni arusi ya ndugu, mumoja anabakia na gogo ku mulango, na hafungulii muntu eko na funguo. Muntu wa hapa atapiga hodi na atasema jina yake. Na siku nitakufa minye, musipande bote mu lori. Mumoja abakie. Bantu bakisema ni mulozi, ajibu ni mama mwenyewe alimutuma."